Msitu wa Ituri na Sifa Yake Vitabuni

Sifa ya nchi mara nyingi hutengenezwa na wapitaji, wala si wenyeji. Mfano mmoja ni msitu wa Ituri, ulio kaskazini-mashariki ya nchi ya Kongo.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliingia msituni kutoka Yambuya, akienda kumtafuta Emin Pasha. Wapagazi wake wengi walikuwa wameandikwa Unguja. Walitembea humo zaidi ya miezi mitano, na wengi wakafa kwa njaa, maradhi na mishale. Mwaka 1890 alitoa kitabu, akakipa jina lenye maana ya Afrika iliyo katika giza kuu.

Lakini tukikisoma kwa makini, twaona ya kuwa njaa ile haikutoka katika miti. Stanley mwenyewe aeleza jinsi watu wa Ugarrowa na Kilonga-Longa, watafutaji wa pembe waliotoka upande wa pwani, walivyokuwa wameharibu vijiji na mashamba. Kadhalika ataja kwamba Wambuti walimjua mnyama mfano wa punda, wakimnasa kwa mashimo. Ndiye okapi, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901. Basi wenyeji walikuwa na elimu yao.

Wasomaji walishika jina la kitabu, wakaziacha habari zake. Mwaka ule ule William Booth aliliazima jina hilo kwa kitabu chake juu ya maskini wa Uingereza. Mwaka 1899 Joseph Conrad akatoa hadithi ya safari ya mto wa Kongo, ambamo wenyeji karibu hawasemi neno. Chinua Achebe aliishutumu waziwazi mwaka 1975. Wala madhara hayakuishia karatasini: mwaka 1906 Ota Benga, kijana wa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya New York, watu wakaja kumtazama.

Wala sisi wenye Kiswahili tusijitakase. Neno "mwitu" kwetu ni mahali penye miti mingi, tena ni sifa ya mnyama asiyefugwa. Na watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi kabla ya kuwajua. Asiyekujua hakuthamini. Hapana budi basi, tusomapo habari za nchi za wengine, tuulize: mwandishi alikaa kwa nani, alijua lugha gani, na ni nani aliyeyaharibu mashamba?