Pori la Adro

Wapuritani waliotua Massachusetts mwaka 1630 walilihesabu pori kuwa uwanja wa shetani, la kufyekwa. Walugbara wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nao waliliogopa, ila kwa namna nyingine. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi kwao kati ya 1949 na 1952, aliandika habari za Adro, mkaaji wa mitoni na vichakani: mrefu, mweupe, nusu mtu, mwenye jicho moja, sikio moja na mguu mmoja wa kurukia.

Atatokea wa kusema hofu hiyo ilikuwa ya chui na mbung'o tu. Malale kweli yaliusumbua mkoa huo wa West Nile. Lakini chui hampi mtu uaguzi, ilhali msichana aliyepagawa na Adro porini alirudi nyumbani akiweza kupiga ramli. Tena Adro huyo ni upande wa pili wa Adroa, Mungu wa juu; si mpinzani wake, kama shetani wa Wapuritani. Na mashujaa waasisi wa Walugbara, Jaki na Dribidu, hawakuzikwa uani bali porini: masimulizi yanaliweka kaburi la Jaki kwenye mlima Liru, karibu na Koboko, na la Dribidu kwenye mlima Wati.