Tabibu wa Zahanati na Dawa za UKIMWI

Huko Uingereza karibu kila mtu huandikishwa kwa daktari wa familia; huku kwetu Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, tangu serikali ilipoeneza zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967, kazi hiyo imekuwa mikononi mwa tabibu na muuguzi, ambao hawakupata shahada ya udaktari lakini wajua ni nani katika kaya ile aliyejifungua juzi na ni nani ana pumu.

UKIMWI ulipotambuliwa Kagera kwa wagonjwa 3 mwaka 1983, ukaenea mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia 1986, tabibu huyo hakuwa na uwezo ila wa kutibu kuhara, kikohozi na utando wa kinywani, kisha kumrejesha mgonjwa kwa jamaa zake wamuuguze hadi ajali yake ifike. Hata mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulipoanza mwaka 2004, dawa ziliwekwa kwanza katika hospitali kubwa, penye madaktari na mashine za kupima CD4, yaani chembe za kinga, na kwa mkulima wa vijiji vinavyozunguka Mkata, pale barabara ya Handeni inapoachana na ile ya Chalinze na Segera, tiba ya bure ilikuja na nauli isiyo bure na kutwa nzima ya foleni. Wako, ni haki kusema, walioipenda safari hiyo, kwani mbali na kwao hapakuwa na jirani wa kuwaona katika benchi la kliniki. Na wengine walitia pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie mkobani.

Kwa maoni yangu, kilichogeuza mambo ni wajawazito. Mwaka 2013 ilipoamuliwa kwamba mjamzito mwenye virusi aanze dawa za maisha pasipo kungoja kipimo cha kinga, na kwa kuwa kliniki ya wajawazito aghalabu huwa zahanati, muuguzi aliyekuwa akipima mimba na kuchanja watoto akafundishwa kuanzisha tiba yeye mwenyewe. Mwaka 2016 ruhusa hiyo ya kuanza mapema ikawafikia wote wenye virusi.

Leo aliyetulia katika tiba huchukua dawa za miezi 3 au hata 6, kidonge kimoja kwa siku. Walioanza 2004 sasa wanazeeka, na cheti cha kliniki ya tiba na matunzo (CTC) hakiwakingi na presha wala kisukari: dawa za virusi hupewa bure, ilhali za presha mara nyingi hawana budi kuzinunua duka la dawa.