Paka wa Uso Bapa Ndani ya Ndege: Mambo Unafaa Kujua Kabla Ulipe Tiketi

Cheki hii. Umepata job majuu, visa imetoka, mbogi ishapanga sherehe ya kukuaga. Imebaki kitu moja tu: yule Persian wako amekaa kwa kochi anakuangalia na ile sura yake ya kukanyagwa, akikoroma kama mzee wa nyumba kumi. Utaenda naye aje?

Beshte yangu mmoja alijipata hapo. Paka wake anaitwa Chapo, na ukimwona hutauliza kwa nini. Dem alikuwa na wiki sita za kuhamia Ujerumani, na alidhani shida itakuwa doo ya tiketi ya paka. Kumbe shida ilikuwa pua na kalenda. Tuanze na pua.

Kwa nini hiyo pua ni noma

Paka hupumua kwa pua. Hiyo ndiyo kawaida yao, si kama mbwa mwenye anatoa ulimi nje siku nzima. Ndani ya pua hewa inapoa, inapata unyevu, ndio inashuka kwa mapafu.

Sasa paka wa uso bapa alizalishwa makusudi awe na fuvu fupi. Mfupa ulifupishwa, lakini nyama za ndani hazikufupishwa sawasawa. Kwa hivyo unapata matundu ya pua ni kama mkato wa kisu, na ile nyama laini ya nyuma ya mdomo inaning'inia mpaka inaziba koo kiasi. Paka kama huyo anavuta hewa vile wewe ungevuta mala nzito na mrija mwembamba. Akiwa ametulia kwa keja, inaenda. Akishtuka, inakataa.

Na paka hana jasho ya maana. Anajipoza kwa kujilamba na jasho kidogo ya nyayo. Mfungie kwa kikapu mahali pa joto na kelele, ataanza kupumua haraka. Akipumua haraka, zile nyama zinafura. Zikifura, njia inazidi kuwa nyembamba, kwa hivyo anang'ang'ana zaidi. Hiyo duara inaweza kumuua kabla mtu agundue kuna shida.

Si hadithi za kutisha watu. Mwaka wa 2010 Idara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa hesabu ya mbwa 122 waliokufa wakisafirishwa kwa ndege za huko tangu 2005. Karibu nusu walikuwa wa pua fupi. Hao ni mbwa, lakini umbo la njia ya hewa ni lile lile.

Ni paka gani tunaongelea?

Persian, Himalayan na Exotic Shorthair ndio wako juu ya orodha karibu kila mahali. Kampuni zingine huongeza Burmese, British Shorthair ama Scottish Fold. Na usiseme "wangu ni chotara." Msee wa kaunta haangalii ukoo, anaangalia uso.

Kuketi na wewe ama kwenda chini na mizigo?

Jibu fupi: kama hatakaa na wewe, chini ya kiti cha mbele yako, fikiria mara tatu.

Wengi hudhani kule chini kwa mizigo hakuna hewa. Si kweli. Sehemu ya wanyama inawekewa hewa na joto kama kule juu. Hatari kubwa iko chini kwa lami: kreti inangoja kwa jua, ndege imechelewa, milango imefungwa na mashine ya hewa haijawashwa. Na hapo hakuna mtu anaangalia paka wako akianza kufungua mdomo.

Ndio maana kampuni nyingi zimedinda kabisa kubeba pua fupi kule chini. United ya Marekani ilibadilisha sheria zake 2018 na ikapiga marufuku aina nne za paka: Burmese, Exotic Shorthair, Himalayan na Persian. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, mbwa mdogo aina ya French bulldog alikufa ndani ya ndege yao kutoka Houston kwenda New York, baada ya begi lake kuwekwa kwa kabati ya juu. Kampuni ilikubali makosa. Funzo: hata kama ni mfanyakazi wa ndege amekuambia, begi la mnyama haliendi juu. Kataa kwa heshima, lakini kataa.

Shida ni kwamba si kila ndege inakubali paka aketi na wewe. Emirates, kwa mfano, haibebi mnyama ndani na abiria isipokuwa mbwa wa kuongoza wasioona, na falcon kwa safari chache. Ndio, mwewe anaketi, paka wako hapana. Na Uingereza ina sheria yake: paka anayeingia kwa ndege lazima aje kama kago. Kwa hivyo safari ya moja kwa moja Nairobi hadi London na Persian miguuni haipo. Watu wamechanuka, wanashuka Ufaransa ama Uholanzi na paka miguuni, halafu wanavuka kwa gari kupitia treni ya chini ya bahari ama feri.

Kilo nane, na si utani

Air France, KLM na Lufthansa wanataka paka na begi lake visizidi kilo 8 pamoja. Persian mnono anaweza kumaliza hiyo yote bila begi.

Kuna jamaa wa Russia alifikiria ameshinda mfumo 2019. Paka wake Viktor alikuwa kilo 10, akazuiwa Moscow akielekea Vladivostok. Jamaa akatafuta paka mwingine mwembamba wa kufanana naye, akampima huyo kwa kaunta, halafu akabadilisha na kuingia na Viktor. Safi kabisa, mpaka akaposti Facebook. Aeroflot waliangalia kamera na wakamfutia pointi zake zote za safari.

Tulicheka, lakini kwa paka wa uso bapa kilo si mambo ya kaunta peke yake. Mafuta ya shingo na kifua yanabana njia ya hewa zaidi. Kama ni mnono, anza kupunguza miezi kadhaa kabla, polepole, na daktari akikuongoza. Paka akinyimwa chakula ghafla ini lake linaweza kuharibika.

Kalenda: hapa ndipo wengi huanguka

Kenya haiko kwa orodha ya nchi ambazo Ulaya na Uingereza wanaziamini kwa mambo ya kichaa cha mbwa. Kwa hivyo mpangilio ni huu, na lazima ufuatane hivi:

1. Chipu ya namba 15 chini ya ngozi. Hii inatangulia. Ukichanja kabla ya chipu, chanjo hiyo haihesabiwi.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa, paka akiwa na angalau wiki 12.
3. Subiri siku 30, halafu damu inatolewa na kupelekwa kwa maabara iliyoidhinishwa na Ulaya. Inatakiwa isome 0.5 au zaidi.
4. Subiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilitolewa.
5. Mwishoni, cheti cha afya chenye mhuri wa serikali. Ofisi ni ya Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete.

Piga hesabu. Hiyo ni miezi minne na zaidi. Kama unaripoti kazini Berlin mwezi ujao na paka hajawahi dungwa sindano, hamuendi pamoja. Si rushwa, si kujuana na mtu, ni tarehe.

Canada ni nafuu: kwa paka wa zaidi ya miezi mitatu wanataka hasa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Nchi za Ghuba wana vibali vyao. Popote unaenda, soma tovuti ya serikali ya huko wewe mwenyewe, usitegemee msee wa TikTok.

Mpeleke kwa daktari, na uulize haya

Nenda kwa daktari wa wanyama mapema, si wiki ya safari. Mwonyeshe video ya paka akilala na akicheza. Uliza: matundu ya pua yamefunguka kiasi gani? Moyo uko fiti? Anaweza safari ya saa nane? Kuna paka wanafanyiwa upasuaji mdogo wa kupanua matundu na maisha yao yanabadilika, ndege ama bila ndege.

Uliza pia kuhusu dawa, kwa sababu hapa watu hukosea. Usimpe paka dawa ya kulalisha kwa hiari yako. Dawa hizo zinaweza kushusha presha, kulegeza zile nyama za koo na kuvuruga vile mwili unajipoza. Kampuni nyingi zikiona paka amelewa, hapandi. Kama ni mwoga sana, daktari anaweza kuandika kitu cha kumtuliza tu, na mkijaribu nyumbani kwanza.

Kuchagua ndege

Chukua ya moja kwa moja hata kama ni ghali. Kila kuunganisha ni lami nyingine na saa zingine. Kama lazima uunganishe, epuka miji ya Ghuba kati ya Juni na Septemba, huko joto linapita digrii 40. Panda ya usiku.

Ukilipa tiketi yako, piga simu siku hiyo hiyo uweke nafasi ya paka. Kila ndege ina idadi ya wanyama inabeba juu, na kulipa mtandaoni hakumaanishi paka amehesabiwa. Waambie wazi ni pua fupi. Uliza wakuandikie kwa barua pepe, uichapishe.

Kuhusu hewa ya juu: ndege ikiwa angani, ndani inakuwa kama uko kwa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. JKIA iko kama mita 1,600. Kwa hivyo paka wa Nairobi ni kama amepanda Limuru. Paka wa Mombasa anatoka usawa wa bahari na joto lake, kwa huyo kuwa makini zaidi. Na kama safari yenyewe ni Nairobi kwenda Mombasa, gari yenye AC usiku inamfaa kuliko ndege.

Siku yenyewe

Mzoeshe begi wiki kadhaa kabla. Liache wazi sebuleni, weka chakula ndani, alale humo. Begi liwe laini, lenye wavu pande zote, na karatasi ya kunyonya mkojo chini.

Mpe chakula kidogo saa nne hadi sita kabla. Maji usimnyime.

Kwa ukaguzi, begi linapita kwa mashine, paka hapiti. Unambeba mkononi. Mvishe mkanda wa kifuani wenye kamba, na omba chumba cha pembeni. Paka akichomoka hapo JKIA, hiyo ni filamu hutaki kuigiza.

Ndani ya ndege usifunike begi na blanketi. Hewa ya ndege ni kavu na macho yao yametokeza, kwa hivyo mpanguse macho na pua na pamba yenye maji safi. Pua ikiziba kamasi, hana njia nyingine.

Akianza kupumua na mdomo wazi, ama ufizi ukageuka rangi ya bluu, hiyo ni dharura. Fungua zipu kidogo apate hewa, lowesha nyayo na masikio na maji ya kawaida, si barafu, na uite mhudumu saa hiyo hiyo.

Kama kweli hakuna njia na ni kago tu, tumia wakala mwenye anajua kazi, na kreti ikubali kusimama, kugeuka na kulala. Kanuni za kimataifa zinataka kreti ya pua fupi iwe kubwa kwa asilimia 10 kuliko ya kawaida.

Na kama jibu ni hapana?

Hii ndiyo sehemu hakuna mtu hupenda kusikia. Kama paka ni mzee, mnono, anakoroma akiwa macho, ama amewahi kupumua na mdomo wazi kwa gari, kumwacha si kumtupa. Tafuta mtu wa kuaminika, mpeleke akae naye wikendi kadhaa kabla uhepe, acha na shati lako halijafuliwa, acha namba ya daktari na doo ya chakula.

Turudi kwa Chapo. Daktari alimwangalia pua, akasema matundu ni nyembamba sana na wiki sita hazitoshi kwa damu hata akitaka. Dem alilia hapo nje ya kliniki. Alikuwa ashaangalia ndege za kago, alikuwa na doo, na kuna jamaa alikuwa amemwambia "atapita tu." Akakataa.

Chapo sai yuko Kitengela kwa mathe wa dem. Alipata chipu, akadungwa, damu ikapita, na daktari anafikiria kumpanua pua. Labda ataenda, labda hataenda. Kila Jumapili video call inaitwa, simu inawekwa karibu na kochi, na kutoka Ujerumani dem anasikiza paka akikoroma.