Leseni mpya, giza na marafiki garini: Hatari zinazomkabili dereva kijana

AJALI za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri kati ya miaka mitano na 29 duniani, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani mwaka 2021.

Kwa upande wa madereva, hatari kubwa huwakabili wale ambao leseni yao bado ni mpya. Nchini Marekani, dereva mwenye umri wa miaka 16 hadi 19 hupatwa na ajali ya kuua, kwa kila maili anayoendesha, karibu mara tatu zaidi ya dereva wa miaka 20 na kuendelea.

Chanzo si ukaidi peke yake, kama wazee wengi wanavyopenda kuamini. Kijana huweza kuwa hodari wa usukani na gia. Anachokosa ni jicho la kuitambua hatari kabla haijamfikia: mtoto anayechomoza nyuma ya daladala, pikipiki inayopenya kushoto, au lori lililoharibika gizani bila taa.

Hatari hiyo huongezeka usiku, na huzidi pale vijana wa rika lake wanapojazana garini. Akiwapo mtu mzima kando yake, hupungua.

New Zealand ilizingatia hayo ilipoanzisha utaratibu wa leseni za hatua kwa hatua mwaka 1987. Mwanafunzi huanza kuendesha akiwa na msimamizi. Akifuzu, huruhusiwa kuendesha peke yake, lakini si kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, na kwa kawaida hapaswi kupakia abiria bila msimamizi. Mwaka 2011 nchi hiyo ilipandisha umri wa kuanza kutoka miaka 15 hadi 16.

Jimbo la Florida, Marekani, lilifuata mwaka 1996, na majimbo mengine yakaiga baadaye.

Nchini Tanzania, umri wa chini wa kuendesha gari ni miaka 18. Hata hivyo, gari analoanzia kijana mara nyingi ni la mzazi, na mwenye ufunguo anaweza kuweka masharti ya saa na ya abiria bila kusubiri sheria. Mkanda nao usisahaulike: hupunguza hatari ya kifo kwa hadi asilimia 50, ilhali dereva anayetumia simu huiongeza hatari ya ajali takriban mara nne.