Kutoka Ombasha hadi Afande: Kanuni za Vyeo na Ukuu katika Majeshi ya Kikoloni ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Neno afande limezoeleka kiasi kwamba asili yake haiulizwi. Askari wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda humwita hivyo aliye juu yake. Raia naye humwita hivyo polisi anayemsimamisha barabarani. Katika majeshi ya kikoloni, hata hivyo, neno hili lilikuwa jina la cheo mahususi, na cheo hicho kilikuwa mpaka. Makala haya yanabainisha kwamba ukuu wa kijeshi ulipimwa kwa mizani miwili, wa utumishi na wa rangi, na kwamba msamiati wa vyeo katika Kiswahili bado umehifadhi alama za mizani hiyo.

Vyeo vilivyoletwa na Wasudani

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha jijini Cairo Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, ili wapigane na wapinzani wa Wajerumani katika pwani ya Tanganyika. Kikosi hicho ndicho kilichokuwa msingi wa Schutztruppe, jeshi lililoundwa rasmi mwaka 1891. Wasudani hao walikuja na ngazi ya vyeo yenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, betshaushi, soli na, juu kabisa, efendi. Maana ya msingi ya ombasha ni mkuu wa watu kumi. Wajerumani waliyachukua majina hayo jinsi yalivyokuwa, nao Waafrika walioandikishwa baadaye wakayapokea.

Majina yalipokewa, lakini mamlaka yalipunguzwa. Efendi alihesabiwa kuwa ofisa, ila hakuwa na amri juu ya Mzungu. Vyeo vya Kituruki vilikuwa ngazi ya Waafrika. Vyeo vya Kijerumani vilikuwa ngazi ya Wazungu, na ngazi hizo mbili hazikuungana.

Mizani miwili ya ukuu

Upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles (KAR) kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Kanuni ya Kiingereza ilikuwa bayana: mwenye cheo kikubwa humwamuru mwenye cheo kidogo, na kati ya wenye cheo sawa, aliyepandishwa mapema ndiye mkuu. Kanuni hiyo ilifuatwa miongoni mwa Waafrika wenyewe, na ilifuatwa pia miongoni mwa Waingereza wenyewe. Makundi hayo mawili yalipokutana, ilikoma. Sajini meja Mwafrika aliyetumikia miaka ishirini alikuwa chini ya sajini Mwingereza aliyewasili juzi.

Katika miaka ya 1950, uhuru ulipokuwa ukinukia, KAR ilianzisha cheo cha Efendi kwa Waafrika. Kilikuwa juu ya vyeo vyote vya askari wa kawaida, lakini chini ya luteni usu wa Kiingereza. Idi Amin, aliyeanza kutumikia kikosi cha Uganda katika miaka ya 1940, alikipata mwaka 1959; mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakapewa kamisheni kamili.

Madai ya mwaka 1964

Baada ya uhuru, vikosi vya KAR vya Tanganyika vilibadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, lakini makamanda walibaki kuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa hao. Uasi ulifuata Jinja tarehe 23 na Lanet tarehe 24.

Maasi hayo hayaelezeki kwa mishahara pekee. Masajini walikuwa wameona mizani ya rangi ikiondolewa polepole, huku nafasi zilizofunguka zikiwaendea vijana wenye elimu ya shule waliopelekwa Sandhurst. Utumishi wa muda mrefu, uliokosa thamani mbele ya rangi, sasa ulikosa thamani mbele ya cheti. Serikali ya Tanganyika ililivunja jeshi hilo, na Septemba 1964 jeshi jipya likaundwa.

Hitimisho

Msamiati wa leo una tabaka zinazosimulia historia hiyo. Luteni, kapteni na kanali yalichukuliwa kutoka Kiingereza, kwa kuwa vilikuwa vyeo ambavyo Mwafrika alifungiwa. Afisa mteule ni zao la usanifishaji. Afande, jina la cheo kilichowekewa mpaka, limeuvuka mpaka huo: sasa huitwa hata jenerali.

Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majeshi ya nchi wanachama hufanya mazoezi ya pamoja, haja ya faharasa moja ya vyeo ni dhahiri. Watakaoiandaa hawana budi kulinganisha mamlaka kabla ya kulinganisha majina: nani anamwamuru nani, na kwa kanuni ipi. Efendi wa zamani alipewa jina la ofisa bila amri ya ofisa, na gharama ya pengo hilo ilionekana katika nchi tatu ndani ya juma moja.