Baiskeli ya Krismasi Iliyokasirisha Dunia

Wasee, leo ni historia. Si ile ya Lancaster House, tulieni. Ni ya baiskeli isiyoenda popote.

Mwisho wa 2019, kampuni ya Marekani inaitwa Peloton ilitoa tangazo la Krismasi. Bwana anamnunulia bibi yake baiskeli ya mazoezi. Mwaka mzima mama anajirekodi na simu akiiendesha, mara ametoka kazini, mara ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwishowe wanakaa kwa kochi, anamwonyesha mzee hiyo video na kusema hakujua itambadilisha hivyo.

Sasa shida iko wapi? Huyo mama alikuwa mwembamba kutoka sekunde ya kwanza! Watu wakauliza: kubadilisha nini? Na mbona anaonekana ni kama anaripoti kwa bosi?

Hiyo mashine ilikuwa dola 2,245, kama shilingi 230,000 kwa kiwango cha wakati huo. Bado kulipa dola 39 kila mwezi ndio upate masomo yake. Wewe wa bedsitter hapa Umoja, gawanya na rent yako uone.

Twitter ilichoma. Tarehe 3 Desemba, hisa za Peloton zilishuka karibu asilimia 9 kwa siku moja. Kampuni ikasema imesikitika vile watu wengine wameelewa tangazo vibaya. Siku chache baadaye Ryan Reynolds akamchukua mwigizaji yule yule, Monica Ruiz, kwa tangazo la pombe yake, Aviation Gin. Dada amekaa baa na mabeste wawili, macho mbali, anamaliza glasi. Baiskeli haikutajwa, na kila mtu alielewa.

Halafu 2020 corona ikaingia, jimu zikafungwa, na baiskeli zikanunuliwa mpaka wateja wakawa wanangoja wiki nyingi. Kicheko hakikuua kampuni. Lakini hata ile shangwe haikuiokoa: Februari 2022 watu kama 2,800 walipoteza kazi na mwanzilishi John Foley akaachia kiti cha ukurugenzi.

Huku Eastlands tulikuwa na mashine zetu. Unachukua bomba la chuma na mikebe miwili ya Kasuku, unajaza saruji, unangoja ikauke. Kwa social hall, vijana walikuwa wanapiga ngumi mfuko uliojaa matambara. Kenya ni nchi iliyotoa Robert Wangila, dhahabu ya ndondi kule Seoul 1988, na hakuna mtu aliambiwa anunue dhahabu hiyo kwa awamu.

Lakini tusijidanganye ati mtaa ni safi. Vile vyuma vya saruji vilikuwa vya maboy. Dem akipita hapo, alipimwa kwa macho na kwa mdomo. Tulikuwa tangazo bila kamera.

Na mimi pia nimo. Mwaka jana, nikiwa nimeshaacha campo na landlord anapiga simu, muuzaji fulani wa mikanda ya tumbo alinilipa elfu tatu. Nikasimama mbele ya kamera nikasema, "Buda, mnunulie dem wako, atakushukuru." Video ikaenda poa.

Jioni dadangu akaniuliza, bila hasira, "Kwani mimi niko aje?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta video. Pesa sikurudisha, ilikuwa imeshaenda kwa rent, siwezi waongopea.

Hapo ndio nilielewa ile kelele ya 2019. Watu hawakukasirikia mazoezi. Mtu akijinunulia baiskeli, hiyo ni safari yake. Ukimwekea mtu zawadi na ndani kuna ujumbe "hautoshi," atausoma hata kama umefunga na utepe.

Hiyo video sitarudia. Lakini niambieni ukweli: ushawahi pewa zawadi kama hiyo? Na wewe ushawahi mpa mtu?