Takwimu za Pumwani na Lugha ya Maradhi ya Zinaa

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya maradhi ya zinaa: kaswende, kisonono na pangusa yamo kinywani mwa watu tangu zamani. Lakini kuenea kwa maradhi hakujulikani kwa jina tu, wala kwa idadi tupu. Hapana budi kuuliza kwanza ni akina nani waliohesabiwa. Historia ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, yatoa ushahidi wa jambo hili.

Mtaa huo ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, uwe makazi ya Waafrika. Mji ulihitaji vibarua wanaume, na aghalabu wake zao walibaki mashambani. Katika kitabu chake cha 1990, Luise White ameeleza jinsi lugha ya mtaani ilivyowapambanua wanawake waliouza miili: malaya alimngoja mwanamume chumbani mwake, ilhali watembezi waliwatafuta wanaume njiani. Baadhi ya wanawake hao walifikia kumiliki nyumba.

Mwaka 1985 damu ya makundi mbalimbali ya watu wa Nairobi ilipimwa virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Miongoni mwa wanawake wa biashara hiyo wenye kipato cha chini, asilimia 66 walikuwa wameambukizwa. Miongoni mwa wenzao wenye hali bora, asilimia 31. Kwa wanaume waliotibiwa maradhi ya zinaa ilikuwa asilimia 8, na kwa wahudumu wa afya asilimia 2.

Mji ni mmoja, hesabu ni nne. Asilimia 66 haikuwa hesabu ya Pumwani nzima, kwani mafundi, wachuuzi, mama wa nyumbani na wazee wa mtaa hawakuwamo. Tena, lugha ilikwisha mpa mwanamke jina la kumtia aibu, na mwanamume aliyemwendea ikamwita mteja tu.

Wanawake wale wale, wakihamasishwa na muuguzi Elizabeth Ngugi, walijipanga na kuongeza matumizi ya kondomu. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba wachache wao walikuwa hawajaambukizwa licha ya miaka mingi ya hatari, na damu yao ikawa msingi wa utafiti wa chanjo. Basi waliotajwa kuwa chimbuko la maradhi ndio waliokubali kuhesabiwa, na elimu iliyopatikana ina deni kwao.